Vitu Vinavyobebeka

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa mengi ya miaka ile yameanza kufifia kichwani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiangazi, nyumbani kwetu Katumba, upande huu wa Mpanda. Mama mkwe wangu, Bibi Natalia, alikuja kututembelea akanikuta jikoni nachemsha maji ya ugali kwenye sufuria lililotoboka. Maji yalikuwa yanavuja na kuzima kuni kidogo kidogo, na mimi nachochea tena. Aliniangalia. Kisha akaingia ndani, akafungua gunia lililokuwa limesimama pembeni mwa kitanda, akatoa sufuria jipya ambalo lilikuwa halijawahi kuona moto, akalileta jikoni.

"Mama, hilo ni la safari," nikamwambia.

"Safari ya lini?"

Akamimina maji yaliyobaki kwenye lile jipya, akalibandika.

Inabidi nikueleze hilo gunia lilikuwa la nini, maana wewe umezaliwa kwenye nyumba ya bati, na unaweza kudhani tulikuwa watu wa ajabu. Sisi tulitoka Burundi, tukikimbia mauaji ya kule. Mimi nilivushwa mpaka nikiwa mdogo, mgongoni kwa dada yangu, na yote ninayoyajua kuhusu kule niliyasikia kwa wengine. Mume wangu Zakaria alivuka akiwa mkubwa kidogo. Alikuwa ameshachunga ng'ombe wa baba yake kwenye kilima chao, na mawe ya kilima kile aliyajua moja moja, kila jiwe kwa jina lake. Nilipoolewa naye alikuwa akinitajia majina hayo wakati tunapalilia, mpaka na mimi nikayashika, mawe ambayo sijawahi kuyaona.

Miaka hiyo bado tuliitwa wakimbizi. Kwenda Mpanda mjini ulihitaji kibali. Tulilima tumbaku, na fedha ya tumbaku ina tabia yake: inakuja mara moja kwa mwaka, kwa mkupuo, baada ya miezi mingi ya kukaa mikono mitupu. Ikifika, kila nyumba inapumua. Wengine waliinywa. Wengine waliongeza mke. Zakaria hakuwa mtu wa hivyo, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Yeye alinunua vitu vinavyobebeka.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya nyumba yetu. Siku njia itakapofunguka tutarudi, kwa hiyo usinunue kisichoweza kupanda gari au kubebwa kichwani. Tulikuwa na baiskeli, redio, mablanketi, vitenge vilivyokunjwa sandukuni, na lile gunia la masufuria. Tulikuwa na mbuzi, kwa sababu mbuzi anatembea mwenyewe. Lakini nyumba ilikuwa ya nyasi, na kila mvua zikikaribia tulikuwa tunaiziba upya. Wala Zakaria hakutaka kupanda miti. "Nani ataibeba?" alikuwa akiuliza, na kweli hakuna ambaye angeibeba.

Mimi nilikuwa na mambo yangu mawili moyoni. La kwanza, nilitaka bati. La pili, nilitaka binti yetu mkubwa, Dafroza, ambaye alikuwa darasa la nne, aje kusoma kitu zaidi ya darasa la saba. Lakini sikuwahi kusema. Nilikuwa naguna tu. Panya wakitoboa kitenge cha sandukuni, nakitoa, naguna. Paa likivuja juu ya kitanda cha watoto, nasogeza kitanda, naguna. Nilidhani mume mwenye akili ataelewa.

Siku hiyo Zakaria alirudi kutoka kwenye bani la kukaushia tumbaku, amejaa moshi, akaliona sufuria jipya liko mekoni, tako lake limeshakuwa jeusi.

"Nani kafungua gunia?"

"Mimi," mama yake akasema. "Nawa mikono, kaa ule."

"Mama, hizi ni mali za kurudi nazo."

"Mali zenyewe zimeshaanza kufa zikiwa zimelala. Moja mbuzi wako kalikanyaga, limebonyea. Ukienda nalo kwenu watadhani umetoka kupigana."

Watoto wakacheka. Zakaria hakucheka, lakini alikaa. Tulipomaliza kula, Bibi Natalia aliwaambia watoto waende kuchota maji, akabaki na sisi wawili.

"Mniambie kitu," akasema. "Fedha ya tumbaku ya mwaka huu ni ya nini? Anza wewe, Zakaria."

"Ya kurudi. Unajua."

"Lini?"

"Njia ikifunguka."

"Na wewe, Mama Dafroza?"

Nikainamisha kichwa. "Ni ya hicho anachosema Baba Dafroza."

"Yeye nimeshamsikia. Nakuuliza wewe."

Nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, nikiangalia chini, bati na shule ya Dafroza.

"Hujawahi kuniambia," Zakaria akasema.

"Hujawahi kuniuliza."

"Ningekuulizaje? Kila siku unaguna tu kama mtu anayeumwa tumbo."

"Kumbe mguno ameusikia," mama yake akasema, akanitazama. "Ila hakujua unaumwa wapi."

Nilitaka kucheka, nilitaka na kulia. Miaka yote ile tulikuwa tukifanya kazi shamba moja, tukiweka akiba nyumba moja, na kila mtu alikuwa akienda njia yake. Halafu Bibi Natalia akatueleza habari ambayo Zakaria mwenyewe hakuwahi kuielewa, ingawa aliiishi akiwa mtoto.

"Baba yako alipofika hapa," alimwambia, "tulipewa shamba la msitu tukalifyeka. Watu wakapanda mihogo. Yeye akakataa. Alisema muhogo unakaa ardhini mwaka mzima na zaidi, na sisi hatutakuwepo mwaka mzima. Akapanda maharage, kwa sababu maharage yanatoka upesi. Msimu ukaisha, hatukurudi. Akapanda tena maharage. Ukaisha mwingine, akapanda maharage. Unakumbuka njaa, Zakaria? Unakumbuka nilivyokuwa nakutuma kwa majirani kuomba muhogo?"

"Nakumbuka."

"Ulidhani sisi ni maskini kuliko wao. Shamba letu lilikuwa sawa na lao. Baba yako alikufa akiwa na mbegu za maharage mfukoni mwa koti, miaka mingi imepita, na hata muhogo mmoja hajapanda. Nilipomaliza kumzika nilienda kuomba vijiti vya muhogo. Nililia nikivipanda, maana niliona kama namsaliti. Lakini nyie mlikula."

Zakaria alikuwa anachora chini kwa kijiti. Mwisho akasema, "Kwa hiyo unanikataza nchi yangu, mama? Unataka niiache?"

"Nchi yako sijaigusa. Mimi nimegusa masufuria." Akasogea karibu naye. "Kurudi ni jambo zuri. Hata mimi nataka kuzikwa kule. Lakini lipe mwaka, mwanangu. Jambo ambalo halina mwaka linakula mengine yote, na halishibi."

Hayo ndiyo maneno aliyotuachia, na sisi tukaanza kupanga kwa maneno hayo. Hakuna aliyekuwa na elimu ya mambo ya fedha. Mimi niliishia darasa la tano, Zakaria alijifunza kusoma kanisani, Bibi Natalia hakujua hata kuandika jina lake. Lakini alisisitiza jambo moja: tupange kabla malipo hayajatoka. Alisema fedha ikishafika mkononi, kila mtu anaiona ina sura ya kile anachokitaka, na hapo hakuna kusikilizana.

Tukapanga. Kwanza tukatenga ya mbegu, mbolea na chakula cha ile miezi ya kati ambayo ghala linaisha na shamba bado halijaiva, kwa sababu bila hiyo mengine yote ni maneno. Kisha tukatenga ya ugonjwa, ambayo mtu haiangalii mpaka homa iingie. Kisha ya Dafroza. Kisha ya kurudi. Hii ya kurudi ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka mimi, na ndogo kuliko alivyotaka yeye, kwa hiyo nadhani ilikuwa ya haki. Bati halikupata kitu kwenye tumbaku. Niliambiwa kama nalitaka nilime mihogo yangu mwenyewe, niuze, nilianze kwa hicho. Nilikubali, na siku ile ile nilienda kuomba vijiti.

Halafu tukafika kwenye mwaka. Hapo tulichelewa, maana Zakaria alikuwa kama mtu anayeambiwa aweke tarehe ya msiba. Mwisho yeye mwenyewe alisema: Dafroza akimaliza darasa la saba. Kama mpaka hapo njia itakuwa imefunguka na fedha inatosha, tunaondoka wote. Kama itakuwa haijafunguka, ile sehemu ya kurudi itageuka kuwa nyumba, na hatutaongea tena juu ya magunia. Alisema hivyo mbele ya mama yake, na mama yake akamwambia arudie, naye akarudia.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Mwaka wa kwanza malipo yalichelewa na bei ilikuwa mbaya. Tulikula sehemu ya kurudi, tukala na ya Dafroza, tukabaki tunatazamana. Zakaria alisema mipango ni ya watu wenye mshahara. Tukaenda kumweleza Bibi Natalia, tukitegemea atatuonea huruma. Akasikiliza, akauliza kama mbegu tumekula pia. Tukasema hapana. Akasema, "Basi mmebaki na mahali pa kuanzia," akaendelea kupepeta mchele wake.

Tukaanza tena. Zakaria aliomba kibali, akaenda na baiskeli mpaka mjini, akafungua akaunti benki, kwa sababu tuligundua fedha iliyo chini ya godoro inakuita jina. Iliyo mjini, mpaka uombe kibali na upande baiskeli, hasira au hamu inakuwa imeshapoa njiani. Na mimi nikawa nauza muhogo mkavu. Polepole tukazoea. Tulianza hata kuongea, mwanangu, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Jioni alikuwa ananiuliza, "Leo unaguna nini?" na mimi namwambia.

Kisha ukaja mwaka ambao kule Burundi walipiga kura, na watu wetu wakasema njia imefunguka.

Sijui nikuelezeje furaha ya kiangazi kile. Redio zilikuwa zinasikilizwa kwa makundi. Wazee waliokuwa hawaongei walianza kuongea. Jirani yetu Melkiori, rafiki wa Zakaria tangu utotoni, aliuza kila kitu: shamba na mbegu za tumbaku, mbuzi, milango ya nyumba, hata mbao za kitanda. Akakodi sehemu kwenye lori pamoja na wengine. Alikuja kwetu jioni kumshawishi mume wangu.

"Zakaria, wewe ndiye uliyetufundisha kufunga magunia," alimwambia. "Sisi tunaondoka, wewe unabaki kulinda mihogo ya mkeo?"

"Fedha haijatosha."

"Ipo. Mkeo ananiambia mnayo hata ya shule."

"Hiyo ni ya shule."

"Kule hakuna shule? Watoto wetu watasoma kwenye nchi yao."

Niliona maneno yale yamemwingia Zakaria. Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu aliniita nyuma ya nyumba, akaniambia anataka kwenda benki kuchukua yote, ya shule, ya ugonjwa, ya mbegu, tuunganishe tuondoke na lori linalofuata. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Mwanangu, mimi nilimpenda yule mtu. Ningeweza kumkatalia fedha, lakini kumkatalia kilima chake ilikuwa ni kitu kingine. Wala sikujua nini kitatokea kule. Hakuna aliyejua. Wanaosema sasa kwamba walijua, wanasema uongo.

Nilimwambia hivi: "Sehemu ya kurudi ni yako. Ichukue, nenda ukaone, halafu utuite. Mimi sitakuzuia. Lakini ya Dafroza uliitenga wewe mwenyewe kwa mdomo wako, na mwaka ulisema wewe. Dafroza yuko la sita. Mwaka wetu bado."

Nilifikiri atanipiga, ingawa hakuwahi kunipiga. Kisha akasema, "Niende peke yangu nikafanye nini huko?" akachukua jembe, akaenda kuandaa kitalu cha tumbaku. Tumbaku ile aliipalilia kama mtu anayeadhibiwa.

Lori la Melkiori lilipita kwenye barabara yetu, watu wanaimba. Zakaria alienda barabarani kuwapungia. Alirudi, akakaa, akaanza kuniambia tena majina ya mawe, lakini safari hii aliishia katikati.

Mvua za kwanza zilipoanza, redio ilitangaza kwamba kule kumeharibika, watu wanauana tena. Sitakueleza yote, vitabu vya historia vipo. Tulikaa siku nyingi tunasikiliza. Baada ya miezi kadhaa Melkiori alirudi Katumba. Alirudi kwa miguu, na mke wake hakuwa naye tena, wala watoto wawili kati ya wanne. Alipofika kwetu alisimama mlangoni kama mgeni. Nilimpikia. Zakaria alimpa chumba, akampa na koti lake. Shamba lake lilikuwa na mtu mwingine tayari.

Watu waliniambia nina akili, kwamba nimeokoa nyumba yangu. Sikupenda kusikia hivyo, na hata leo sipendi. Kama kule kungetulia, Melkiori angekuwa ndiye mwenye akili, na mimi ningekuwa mwanamke aliyemfungia mume wake mlango. Mpango wetu haukujua siku zijazo. Ulitusaidia tu tusiweke kila kitu kwenye lori moja.

Mwaka uliofuata Dafroza akamaliza darasa la saba. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Alilia wiki nzima, na mimi nililia nikiwa nimejificha. Ndugu wa Zakaria walisema sasa hiyo fedha ya shule ni ya bure, nunueni ng'ombe. Zakaria akawaambia fedha ile ina mwenyewe. Ikampeleka parokiani mjini kujifunza ushonaji, na iliyobaki ikamnunulia cherehani. Sikupata mtoto mwenye cheti kama nilivyoota. Nilipata fundi, na duka lake la Makanyagio, mjini, ndilo lililowasomesha wadogo zake wawili mpaka kidato cha nne.

Lakini nilitaka kukueleza habari ya bati. Dafroza alipomaliza mitihani, mimi nilinyamaza. Nilijua mwaka umefika, na nilijua Zakaria anajua. Sikutaka niwe mimi wa kusema. Asubuhi moja niliamka nikakuta ameshaomba kibali na anatia upepo baiskeli.

"Unaenda wapi?"

"Mjini. Kununua nyumba yako."

"Nyumba yetu," nikasema.

"Yetu," akasema, na akaondoka.

Fedha ya kurudi ikaunganishwa na ya mihogo yangu. Mabati yaliletwa na lori la mtu kutoka Kashaulili. Melkiori alisaidia kupiga misumari. Hakuna aliyefanya sherehe. Zakaria alifanya kazi ile kimya, kwa uangalifu mkubwa, kama anavyofanya mtu anayejenga kaburi zuri, na mimi nilikuwa nampa misumari kutoka chini, sithubutu kuonyesha furaha yangu.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana. Ilipiga lile bati kwa kelele ambazo hatujawahi kuzisikia ndani ya nyumba yetu. Zakaria alikuwa na redio sikioni, wakati wa taarifa ya habari ya kule kwetu. Akaongeza sauti. Akaongeza tena. Mwisho akaizima.

"Umefurahi?" akaniambia kwa kupaza sauti, maana bila hivyo nisingesikia. "Sasa hata habari za nyumbani sitasikia mpaka kiangazi."

Nilidhani amekasirika, nikamtazama. Alikuwa anatabasamu huku machozi yanatoka. Watoto walikuwa wamelala chini kwenye mkeka, wakavu, na hakuna aliyehitaji kusogezwa. Akawaangalia muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nadhani parachichi linaweza kuota vizuri pale nyuma ya choo, au ni bora upande wa barabara.

Alipanda miti mingi baada ya hapo. Bibi Natalia alikula matunda ya kwanza kabla hajafariki. Tulimzika Katumba, siyo kule alikotaka. Zakaria naye alimfuata miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa wa figo uliochukua muda mrefu, na ile sehemu ya ugonjwa, ambayo tulikuwa tumeiongeza kila mwaka tukinung'unika, ilimpeleka hospitali na kumrudisha, ikampeleka tena. Haikumponya. Lakini sikuuza shamba, na yeye hakufa akiwa na hofu kwamba tutauza. Kilima chake hakukiona tena. Baadaye sisi tulipata uraia wa Tanzania, na njia ilifunguka kweli, na watu wakaenda na kurudi kwa basi. Yeye alikuwa ameshaondoka. Dafroza aliniambia, "Mama, twende tukaone." Nilikataa. Ningeenda kuangalia mawe peke yangu, na wa kunionyesha jiwe lipi ni lipi hayupo? Nakaa hapa Ilembo, Mpanda mjini, sasa, karibu na watoto. Mvua ikinyesha kwenye bati napata hamu ya kusikia mtu akilalamika kuhusu redio.

Sasa, mwanangu, unanisikiliza na simu yako mkononi, nami nakuomba uiweke chini kidogo. Wewe hulimi tumbaku. Una bodaboda, au una meza sokoni, au mshahara mdogo wa mwezi. Nawasikia mnavyoongea. Nikipata mtaji. Nikihamia Dar. Mambo yakikaa sawa. Hiyo ndiyo lugha ya Zakaria ya miaka ile, na chini yake kuna gunia.

Kwa hiyo sema unachokitaka. Kiseme kwa sauti, kwa yule mnayekula naye sufuria moja, na umuulize yeye anataka nini, usingoje agune. Kisha kipe mwaka, hata kama mwaka wenyewe unakutisha. Igawe fedha yako kabla haijafika mkononi, na chakula na mbegu vitangulie, kwa sababu mwenye njaa hapangi kitu. Ya ugonjwa iweke hata kama uko mzima na una nguvu. Iweke mahali ambapo kuifikia kunakuchosha kidogo. Ukianguka mwaka mmoja, na utaanguka, angalia ulichobaki nacho uanzie hapo.

Na ndoto yako usiiue. Hili watu wengi hawalisemi. Zakaria nilimwachia sehemu yake ya kurudi, na sehemu hiyo ilimfanya alime kwa moyo miaka yote ile. Ndoto ipe fungu lake, ila usiipe nyumba nzima. Halafu mkubaliane mapema, mkiwa bado mnacheka, kwamba isipotimia mwaka huo fungu lake litafanya kazi gani. Ukingoja kuamua siku ile yenyewe, utakuwa unalia, na mtu anayelia hawezi kupanga.

Panda na kitu kisichobebeka. Hata kama una mpango wa kuondoka. Atakayebaki atakula.

Sina kingine cha kukupa zaidi ya haya, na yenyewe nilipewa. Mungu aibariki kazi ya mikono yako na akupe mtu wa kukuuliza unataka nini, na wewe upate ujasiri wa kumjibu. Unakotaka kufika, akufikishe ukiwa na watu wako wote. Na kama hatakufikisha, basi mahali atakapokuacha pawe na chakula, pawe na mtoto mwenye kazi mkononi, na pawe na mtu atakayekukumbuka hivi ninavyomkumbuka Zakaria, bila deni na bila hasira, kwa hamu tu.